Plagi niliyoichomoa mwenyewe

Jumatano. Asubuhi ilikuwa ya upepo na vumbi.

Leo adabu imeniponza.

Ile pleya yangu ya muziki ya bei mbaya ndiyo yenye nyimbo za Kinyaturu alizoimba marehemu bibi. Nakala nyingine sina.

Nilikuwa stationari, naisasisha programu yake kwenye laptop yao. Imefika nusu, akaingia mzee jirani yetu.

"Shikamoo babu."
"Marahaba mjukuu. Simu imezima, nichaji kidogo?"

Soketi ni moja. Nikachomoa laptop, nikijua ina betri.

Kumbe betri ilishakufa zamani. Laptop ikazima, sasisho likakatikia njiani.

Pleya haiwaki tena. Niliwaandikia watengenezaji, wamejibu jioni: toleo hilo hatulihudumii.

Kaka ananiambia, "Si ungemwambia asubiri?"

Nyie mngemwambia?

Saa tatu usiku hii. Nalala.