Tovuti imehama, barua ya Wiston haijulikani ilipo

Jumatatu asubuhi kumekucha vizuri Ngara mjini, bodaboda wameshajipanga stendi, lakini Restituta Nyandwi hana habari na nje. Ameshika simu mbili, kila mkono moja. Kwenye simu ya kulia tovuti inafunguka. Kwenye ya kushoto inazunguka, inazunguka, halafu kioo kinabaki cheupe.

"Unaona?" anasema. "Jina ni moja, nimeandika herufi zile zile. Huku ipo, huku haipo."

Nyuma yake, kwenye benchi la wateja, ameketi Tecla, mama wa Kaniha, wilayani Biharamulo. Amepanda basi kuja kuuliza jambo moja tu: mwanawe Wiston ameandika?

Restituta ana miaka thelathini na minne. Anachapa barua za watu, anatoa fotokopi na kulaminisha vyeti katika chumba kidogo karibu na soko. Ni mzaliwa wa Murukulazo, ambako wazazi wake bado wanalima migomba na maharage. Kompyuta alijifunza hapo hapo dukani, kwa kumwangalia aliyekuwa bosi wake.

Kinachomfanya ajulikane mpaka Biharamulo ni tovuti ya kikundi cha wazazi wenye watoto walio mbali. Picha, salamu, habari za msiba na za harusi huwekwa humo. Mtoto aliyepoteza simu, na namba zote za nyumbani zikapotea nayo, huandika barua pepe kwa kikundi, na Restituta humpigia mzazi. Kwa kazi hiyo halipwi. Anaishi kwa fotokopi.

Wiston ni mmoja wa watoto hao, ingawa mtoto mwenyewe ni mwanaume mwenye ndevu. Ni utingo wa malori yanayokwenda Kongo. Aliibiwa simu huko. Namba hakumbuki hata moja, ila anwani ya kikundi anayo kichwani, kwa sababu mama yake alimkaririsha siku anaondoka, akamrudisha mlangoni aiseme tena.

Barua yake ya mwisho ilisema anaumwa, homa haishuki, na dereva amemwacha kwenye mji asioujua. Aliahidi kuandika tena akishajua vizuri jina la mahali alipo, ili mjomba wake Danstan amfuate.

Ndipo tovuti ikahamishwa.

Haikuwa kwa ubaya. Mfumo wa zamani ulikuwa mzito, na kwenye simu ndogo picha hazifunguki kabisa. Kikundi kikakubaliana kuhamia mfumo mpya, ila jina lisiguswe.

"Jina likibadilika, walio mbali tumewapoteza," Restituta aliwaambia kwenye kikao. "Hatuna namba za kuwapigia tuwape jipya."

Hapa mzazi asome taratibu. Jina la tovuti siyo tovuti yenyewe. Ni kama kibao cha barabarani. Unajenga nyumba mpya, ukimaliza unageuza kibao kielekee huko. Lakini habari kwamba kibao kimegeuzwa haizifikii simu zote kwa pamoja. Nyingine zitaendelea kwenda kwenye nyumba ya zamani, siku nzima, hata tatu. Na barua pepe zina kibao chao peke yake. Usipokigeuza, zinaendelea kwenda kule kule.

Restituta alilijua hilo. Ijumaa aligeuza kibao cha tovuti. Cha barua pepe akakiacha kwanza, mpaka ahakikishe sanduku jipya la barua linapokea. Nyumba ya zamani akaiacha wazi.

Jumamosi mwenyekiti wa kikundi, mzee Bernardo, akaipigia simu kampuni iliyokuwa inatunza tovuti ya zamani. Hakumwambia mtu. "Tumeshahama," akasema. "Futeni kila kitu chetu." Wakafuta, na sanduku la barua likaenda humo humo.

Bernardo ni fundi wa kuezeka. Kijijini kwake, familia ikihamia nyumba mpya, mabati ya ile ya zamani yanashushwa siku hiyo hiyo. Ukiyaacha yalale, kesho huyakuti. Alidhani anasaidia.

"Sasa mwanangu, nani anahama akaacha paa nyuma?" anajitetea leo, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Kulikuwa na watu ndani," Restituta anamwambia.

"Marahaba. Watu gani? Si kompyuta tu?"

Tecla ndiye anayemjibu, bila kugeuza shingo. "Bernardo, wewe umeshusha bati mimi nimelala chini yake. Na mwanangu yuko njiani anakuja kugonga."

Bernardo anaingia. Anakaa kwenye ncha ya benchi.

Restituta aligundua jana baada ya misa, alipojiandikia barua ya majaribio ikarudi na maneno kwamba anwani hiyo haipo. Akakigeuza kibao cha barua pepe pale pale. Leo kampuni imemrejeshea nakala ya sanduku la zamani na kulifungua tena. Barua zote mpaka Ijumaa zimo. Ile aliyoahidi Wiston haimo.

"Ingekuwa imekwama mahali, ningeitafuta," anasema, na sauti inapungua. "Lakini za Jumamosi na Jumapili zimerudi kwa waliozituma. Mgonjwa, yuko peke yake ugenini, anasoma kwamba kwao hakupo. Atafanya nini? Jana wanangu wamekula, mimi sikuweza."

Anataka jambo hili lisomwe kwenye vikundi vyote vya wilaya hizi mbili, hata baada ya misa. Ukihama na jina lako, barua pepe zihamishe kwa uangalifu kuliko picha. Pa zamani paache wazi mpaka simu ya mwisho ionyeshe papya. Na anayeruhusiwa kusema "futeni" awe mtu mmoja, anayejulikana. Wenye vikundi wasidhani haya ni ya wengine.

Simu ya kulia inalia. Restituta anasoma kimya, kisha anaanza upya kwa sauti. Ni barua ya kwanza kutoka mbali kuingia kwenye sanduku jipya.

"Mimi ni Ishimwe, nilikuwa namsaidia Wiston. Jumamosi aliandika, ikarudi. Akasema labda mmefunga. Jana kaondoka kutafuta lori, bado ana homa. Nimejaribu tu kama mpo. Nikimwona nimwambie nini?"

Restituta anamgeukia Tecla. 

"Tumjibu nini, mama?" Restituta anauliza.

Tecla haanzi na salamu. "Amtafute leo. Amwambie tupo, tumesimama hapa. Akae pale pale alipo, na Ishimwe naye aandike ni wapi. Danstan ameshafunga mzigo, anangoja jina la mji tu."

Bernardo anaongeza kwa sauti ndogo, "Mwandikie kosa ni langu."

"Hilo atalisikia akifika," Tecla anasema. "Andika, mwanangu."

Restituta anaandika, anatuma. Halafu, kabla hajaweka simu chini, anatuma mstari wa pili: Ishimwe ajibu, hata neno moja tu, wajue limefika.