Kikao cha Saa Mbili na Nusu

Nilipokuwa kiongozi wa kikundi cha waandishi wa programu za kompyuta hapa Eldoret, nilikuwa na sheria moja niliyoipenda kuliko zote, na sheria hiyo ilisaidia kumpofusha mtu. Nasema hili mapema ili msomaji asinihurumie kwanza kisha akajuta.

Tulikuwa watu watano katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Tulitengeneza programu ya vituo vya kukusanyia maziwa, ya kuandika nani ameleta lita ngapi na kama maziwa yake yamepimwa yakafaa. Kabla yangu kazi ilikuwa vurugu tupu. Kila mtu alijifungia na kompyuta yake, na mwisho wa mwezi tukagundua kwamba wawili wametengeneza kitu kilekile. Mwajiri akanipeleka Nairobi kwa mafunzo ya siku tatu, nikarudi kama mtu aliyeokoka juzi.

Kazi kubwa tukaanza kuikata vipande vya wiki mbili mbili. Kila kipande kiliandikwa kwenye kikaratasi cha manjano kikabandikwa ukutani, chini ya kimoja cha vichwa vitatu: ya kufanywa, inafanywa, imekwisha. Na kila asubuhi, saa mbili na nusu kamili, tulisimama mbele ya ukuta huo kwa dakika kumi na tano, kila mtu aseme alifanya nini jana, atafanya nini leo, na ni kitu gani kinamzuia. Kusimama kulikuwa kwa makusudi, maana mtu akikaa hotuba haiishi. Nairobi walitufundisha kwamba siri ya mtindo huu ni wepesi wa kubadilika. Kikundi kinajitazama, kikiona jambo halifai, kinaliacha. Hilo nililiandika daftarini na kulipigia mstari.

Sheria tulizitunga pamoja. Nilitandaza karatasi kubwa mezani, tukaandika, sote watano tukatia sahihi, nikaibandika mlangoni. Ya kwanza ilisema hakuna kukosa kikao cha asubuhi, na atakayechelewa atateremka kununua mandazi ya ofisi nzima. Tulicheka sana siku hiyo, watu wazima na digrii zetu, tukipigia kura mandazi.

Mkubwa wetu kwa umri alikuwa mwanamume wa kutoka upande wa ziwa, aliyekaribia miaka hamsini. Alikuwa karani wa shule kwa miaka mingi, akajifunza kuandika programu mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, na ndiye aliyeandika ile sehemu iliyobeba nyingine zote, ya kupokea vipimo kutoka vituoni hata mtandao ukikatika. Sote tulimwita Mzee, nami pia, ingawa nilikuwa bosi wake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Zamu yake kikaoni ilikuwa fupi kuliko zote: jana hiki, leo kile, hakuna kinachonizuia, Madam. Nilimsifu kwa hilo mbele ya wenzake.

Jumanne moja hakuonekana kikaoni. Alifika saa tano kasoro, amekunja uso, mkono mmoja ameukinga juu ya macho.

"Mandazi!" mmoja wa vijana akapiga kelele kabla hajavuka mlango.

"Sorry, nilikuwa na mahali," akasema.

"Mzee, sheria ni sheria," nikamwambia huku nacheka. "Na chai imeiva."

Akageuka, akateremka ngazi polepole akipapasa ukuta, akavuka barabara katika jua letu la huku juu, lile lisilo na joto kubwa lakini linachoma macho. Nilimtazama kutoka dirishani. Pikipiki mbili zilimpigia honi, nami nikafikiri, huyu Mzee leo anasinzia. Alirudi na mandazi yamefungwa kwenye gazeti, tukala yote. Miezi mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba asubuhi ile daktari alikuwa amemtia dawa ya kupanua mboni ili amchunguze macho, na kwamba mtu mwenye dawa hiyo hafai hata kutembea juani peke yake.

Wiki iliyofuata alinijia mezani.

"Madam, naomba Jumanne moja kwa mwezi nikuwe nakuja late. Kama saa sita hivi."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Mzee, wewe ndio unafaa kuwa mfano kwa hawa vijana. Nikikupea wewe, kesho kila mtu atataka siku yake. Na si ulisign ile karatasi?"

"Nilisign."

"Basi."

Akasema sawa, akarudi kwenye kiti chake. Sikumuuliza Jumanne hiyo ni ya nini. Nilijiambia kwamba kutouliza ni heshima, mambo ya mtu mzima ni yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa naulinda ukuta wangu wa vikaratasi. Kikundi changu kilikuwa hakijakosa kikao hata kimoja tangu Jumanne ile ya mandazi, na nilikuwa nikijivunia hilo kila nilipokutana na mwajiri.

Miezi ikapita, na kazi ya Mzee ikaanza kulegea. Alikuza herufi kwenye kompyuta yake mpaka vijana wakamtania kwamba anaandika bango la barabarani. Vikaratasi vyake alivibandika kombo, kimoja juu ya cha mwenzake, nami niliyekuwa na hasira za karibu nikawa navibandua na kuvinyoosha bila kumtazama. Kila mwisho wa wiki mbili tulikuwa na kikao kingine, cha kuambiana ukweli kuhusu tulivyofanya kazi. Katika kimoja nikasema kuna mtu anatuvuta nyuma. Sikutaja jina, wala haikuhitajika.

"Nitajikaza," Mzee akasema.

Ilikuwa desturi yetu pia kuwaonyesha wenye kutumia programu kile tulichomaliza. Safari hiyo tulikwenda Moiben, mimi na yeye, kwenye kituo cha maziwa. Mwenyekiti wa wafugaji alikuwa mama mtu mzima mwenye sweta na gambuti, aliyetoka zizini moja kwa moja. Mzee alieleza vizuri mno, maana programu ile aliijua kwa kichwa. Tulipomaliza akainama kukusanya nyaya, na yule mama akamjia ubavuni, akanyoosha mkono.

"Chamgei," akamsalimu.

Mzee akaendelea kukunja waya. Mama akarudia kwa sauti ya chini zaidi. Mkono ukabaki hewani mbele ya watu wote, kisha akaurudisha na kuupangusa kwenye sketi, kana kwamba kosa lilikuwa ni uchafu wake. Kwetu kumnyima mtu mkono si jambo dogo, na kumnyima mama kama yule ni kutafuta laana. Nilikimbia nikaudaka mkono ule kwa mikono yangu miwili, nikaomba radhi mpaka nikachoka.

Tulipoingia kwenye gari nililipuka.

"Mzee, umeniaibisha! Mama wa watu anakusalimia unamnyima mkono?"

"Mama gani?"

"Mama gani! Mwenyekiti! Alikuwa amesimama hapa karibu na wewe, upande wa kushoto!"

Tulipita mashamba ya mahindi, moja, mawili, matatu.

"Upande huo hakuna kitu, Madam," akasema. "Huko kulizima."

"Kulizima aje?"

"Niko na presha ya macho. Naona mbele tu, kama mtu anachungulia kwa paipu."

Niliegesha gari kando ya barabara. Nikamuuliza tangu lini. Akasema ilianza pole pole, na kwamba kliniki walimwambia akifuata dawa na vipimo kila mwezi, itasimama pale ilipokuwa imefika. Alijaribu kwenda mchana mara mbili, akakuta faili zimeshachukuliwa na madaktari wanaondoka. Dawa yake ya matone ilipokwisha, hawakuweza kumwandikia nyingine bila kumpima.

"Lakini kliniki ni Jumanne asubuhi," akasema.

Sikumbuki tulivyofika mjini.

Jumanne iliyofuata nilikwenda naye. Tulikuwa kwenye foleni tangu saa moja. Akawekwa mbele ya mashine, akaambiwa abonyeze kitufe kila akiona taa ndogo inawaka. Nilikaa nikisikiliza. Kimya, kimya, kitufe. Kimya kirefu, kitufe. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, akatazama karatasi iliyotoka, akaiweka kando ya ile ya kipimo chake cha kwanza. Ya kwanza ilikuwa na weusi pembeni tu. Hii ilikuwa nyeusi karibu yote, imebaki tundu katikati.

"Mzee, ulipotelea wapi?" akauliza. "Hii imeenda, na haiwezi rudi."

"Kazi ilikuwa mingi, daktari."

Nilikuwa nimekaa pale pale, mkoba mapajani. Ningeweza kusema ni mimi. Nilitazama chati ya herufi ukutani na sikusema.

Watu walipopata habari ofisini, walisema wanayoyasema watu, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ni nzuri lakini haikumhusu. Mzee alikuja mezani kwangu akaomba ruhusa kwa mdomo wake. Hufichwa mtu aliyeuliza, nami sikuuliza.

Siku iliyofuata nikawauliza kikaoni, je, tunaweza kuhamisha kikao hiki hadi saa nane mchana?

"Ni sawa tu," kijana mmoja akasema. "Hata mimi hii ya asubuhi ilikuwa inanisumbua na mtoto wa nasari."

Nikaomba wanaokubali wainue mikono. Wote wakainua, na Mzee akainua wake. Nikafuta saa kwa kalamu pale mlangoni, nikaandika nyingine. Haikufika dakika moja. Niliingia chooni nikalia mpaka mtu akabisha hodi.

Mzee hakumaliza mwaka nasi. Alipoacha kuweza kusoma mistari yake mwenyewe aliandika barua ya kuacha kazi, kijana mmoja akamsomea kabla hajatia sahihi. Nilikaa majuma mengi kabla ya kumtembelea kwake Kiplombe. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini mjukuu wangu nilikuwa namjua jina na nyumba, nikawa napita mbali naye.

Jumamosi moja nikajikaza nikaenda. Mkewe alinikaribisha kwa chai bila neno baya, jambo lililoniuma kuliko matusi. Mzee alikuwa ameketi uani akisikiliza kuku wake. Aliuliza kama ile sehemu ya vituo bado inashika mtandao ukikatika, nikasema inashika. Akafurahi kweli. Nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Mzee, ni mimi nilikunyima ile Jumanne."

"Najua, Madam. Lakini hukuwa unajua ni ya nini."

"Sikukuuliza."

Alitikisa kichwa polepole, uso wake umeelekea upande wa kuku.

"Eeh," akasema. "Hukuniuliza."