Kufuli Ambalo Halikuvunjwa

Kwanza nilisikia nyundo. Nilikuwa bado kitandani, blanketi hadi kidevuni, ukungu umeziba dirisha, na ng'ambo ya uzio chuma kilikuwa kinapigwa: mara tatu, kimya, mara mbili, kisha kitu kikaanguka. Nilipotoka nilimkuta jirani yetu mbele ya mlango wake, balozi wa nyumba kumi amesimama kando yake, na kufuli liko chini kwenye tope. Jirani alikuwa amepoteza ufunguo.

"Si angetafuta fundi," nilimwambia mama. "Kufuli zima limeharibika."

"Umesikia nyundo?"

"Nimesikia."

"Na wote tumesikia. Kwa hiyo hakuna wa kuja kusema mlango ule ulifunguliwa kwa siri."

Kwetu, nje kidogo ya Dongobesh, ndivyo inavyofanyika. Ukipoteza ufunguo unamwita balozi na kulivunja kufuli mchana, kwa kelele. Mimi niliona ni ushamba. Nilikuwa nimerudi nyumbani kuandika riwaya, nikiamini baridi na upweke vitaniletea sentensi nilizozikosa mjini. Sentensi hazikuja. Badala yake nikawa nafungua makufuli.

Nilijifunza kwenye simu. Nilinoa spoku mbili za baiskeli juu ya jiwe, nikakunja kipande cha chuma cha waipa ya gari, nikanunua makufuli ya bei rahisi mnadani. Kipande cha waipa kinakaza. Spoku inaingia na kusukuma pini za ndani, moja moja. Ni kazi ya masikio kuliko macho. Pini ikikaa mahali pake inatoa mlio mdogo kuliko wa ukucha kwenye kikombe, na ya mwisho ikikubali, kufuli zima linalegea mkononi kama mtu aliyechoka kuficha jambo. Sikutaka kitu chochote kilichofungiwa. Nilipenda ule wakati wa kulegea tu.

Niliwahi kumuuliza dada mmoja wa kwaya yetu, karani wa mahakama, kama ni kosa kutembea na vitu vile. Sikumwambia ni vyangu, lakini hakuwa mjinga.

"Hizo si ndizo watu wanaita funguo malaya?" alisema. "Kosa liko kwenye kukutwa. Ukikutwa nazo usiku bila sababu ya halali, hata kama hujagusa mlango wa mtu, unalo la kujibu. Na sababu unaitoa wewe."

"Na mtu akisema anapenda tu kufungua?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwambie hakimu hivyo. Mwambie unapenda."

Tangu hapo nilizifungia kwenye kipochi cha kalamu na sikutoka nazo nje ya ua. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, wifi yangu, mke wa kaka. Alitoka Gendabi, kwenye familia ya wafugaji wanaofunga maboma yao kwa matawi ya miiba, na alikuwa na miaka miwili kwetu bila mtoto. Baba mkubwa hakuacha kuutaja ukoo wake na kukosa kwake mtoto katika pumzi moja. Kaka aliendesha lori, na nyumbani alionekana kwa nadra. Jioni wifi alikaa kwenye kizingiti cha chumba changu akitazama mikono yangu.

"Wifi, siku moja utafungua mbingu," alisema.

"Mbingu haina kufuli."

"Basi utachoka kukaa huko."

Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo. Mama alimpa mwaka wa kwanza, akamvalisha shingoni kwa kamba, mbele ya watu. Ndani ya stoo kulikuwa na vitunguu saumu vya msimu mzima, na ufunguo ule ulikuwa ndicho kitu pekee nyumbani kwetu kilichosema kwamba yeye ni wa pale.

Kufuli la stoo lilikuwa la shaba, zito, la zamani. Nilikuwa nimelitamani kwa muda mrefu. Alhamisi moja mama alikwenda sokoni, wifi akaenda kukata majani ya ng'ombe, nami nikakaa mbele ya lile kufuli mchana mzima, magoti kwenye udongo baridi. Lilinishinda, likanishinda tena. Kisha likalegea. Harufu ya vitunguu ilinijia usoni kupitia upenyo wa mlango na nikajikuta nacheka peke yangu. Hapo hapo nikasikia barabarani sauti ya mama akiitikia shikamoo ya mtu. Nikalirudisha kufuli kwenye pete, nikalisukuma, nikakimbilia ndani.

Mimi niliyejifunza kusikiliza pini sikusikiliza kama lilijifunga.

Jumamosi wifi alifungua stoo kwa ufunguo wake, kama kawaida, akakuta magunia mawili hayapo. Alipiga yowe yeye mwenyewe. Nilielewa kabla sijavaa viatu. Mtu alipita, akaliona kufuli linaning'inia wazi, akachukua, kisha akalibana ili tuchelewe kujua.

Jumapili baada ya ibada kikao kilikaa uani. Balozi alilizungusha kufuli mkononi, akalipitisha kwa wazee.

"Halina mkwaruzo," alisema. "Halikuvunjwa. Ufunguo uko kwa nani?"

"Kwangu," alisema wifi.

"Hujamwazima mtu? Hujausahau mahali?"

Balozi alikuwa anamfungulia njia, kila mtu aliiona. Angesema tu kwamba siku moja aliusahau kisimani.

"Haujatoka shingoni kwangu."

"Hata ukioga?" aliuliza baba mkubwa.

"Hata nikioga."

"Kwao milango ni miiba," baba mkubwa aliwaambia wazee. "Unampa ufunguo mtu wa miiba, unategemea nini?" Wawili watatu walicheka. Mama alitazama chini.

Wifi alinitazama mara moja. Hakunyoosha kidole wala hakutaja spoku. Nami nilikuwa nayasikia maneno ya karani, kwamba sababu unaitoa wewe, na nikajiona nikiitoa mbele ya mabenchi yale, binti asiyeolewa anayejiita mwandishi. Mdomo wangu haukufunguka. Wakaahirisha hadi Jumatano. Kwa simu kaka alisema wazee ndio watakaoamua, akakata.

Siku tatu tulipika jiko moja. Wifi alinipitishia chumvi, nikamshukuru. Sikuandika, sikulala vizuri, na kila nilipofikiri kusema nilijiambia kesho.

Jumatano baba mkubwa alishasimama kutamka wifi arudishwe kwao ndipo nikakiweka kipochi mezani. Nilisema yote. Hawakuamini, kwa hiyo balozi akanipa kufuli lile la shaba. Ilichukua muda mrefu. Lilipolegea, mzee mmoja alivuta kiti chake nyuma.

Balozi alizifunga spoku zangu ndani ya gazeti. "Hivi tukivipeleka kituoni, utasema ni vya nini?"

"Vya kufungulia, shikamoo balozi." Ilinitoka hivyo, kwa hofu, na watu wakacheka.

"Marahaba. Kufungulia nini?"

Balozi alisema kwa kuwa nililifungua mchana na stoo ni ya kwetu, atakaa navyo yeye, na asinione navyo tena.

Baba mkubwa alimgeukia wifi. "Basi, mkwe. Endelea na kazi." Hakuna aliyesema pole. Walinyanyuka mmoja mmoja wakikung'uta suruali.

Nilimfuata wifi chumbani kwake. Alikuwa anakunja vitenge, si kwa haraka.

"Wamekusafisha, wifi. Imekwisha."

"Nilijua tangu Jumamosi," alisema. "Ufunguo ulikuwa kwangu. Mwingine ni nani kama si wewe?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangeona mtu wa Gendabi anamsingizia binti yao. Nikasema wewe ni wifi yangu, utasema mwenyewe." Alifunga fundo la mzigo kwa meno. "Jumapili nikangoja. Jumatatu nikangoja. Jana nilikupitishia chumvi."

Nilimwambia anisamehe. Alitikisa kichwa, na sikujua kama ni ndiyo au ni kuchoka. Mama alikuwa amesimama nje ya dirisha, nikaona kivuli chake, hakuingia.

Wifi alivua kamba shingoni, akauweka ufunguo mezani, karibu na mkono wangu.

"Mpe mama," alisema. "Wewe huuhitaji."

Akajitwika mzigo, akainama chini ya kizingiti, akatoka, na akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukajifunga.