Nyama Yangu, Muthokoi Wake

Mume wangu huchuna mbuzi. Hachinji, kichinjioni kwao kazi ya kuchinja ina wenyewe, na yeye humpokea mbuzi akiwa ameshakufa na kutundikwa kwenye chuma. Huondoka nyumbani jua halijatoka, na kufikia saa saba mchana amerudi, ameoga, amekaa. Mimi nina kibanda cha mboga hapa mtaani Lucky Summer. Nakatakata sukuma wiki na kuifunga kutoka asubuhi hadi jioni. Watu wakisikia hivyo hudhani wameshajua nyumbani kwetu kunaliwa nini.

Yeye hali nyama. Mimi nikiona mboga kwenye sahani nahisi nimerudi kazini. Wachunaji hupewa kipande mwisho wa siku, maini au mbavu, naye hukileta kimefungwa kwa gazeti na kunikabidhi kama barua ya jirani iliyoletwa kwetu kwa makosa. Mimi humletea managu na mchicha uliobaki. Kisha napika sufuria mbili. Yake ni muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa maganda wanayopika kwao Ukambani, pamoja na maharagwe na mboga. Yangu ni nyama. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni, ambako hula maharagwe bila kuulizwa msimamo wao.

Tuliishi hivyo miaka mingi bila ugomvi. Waliosumbuka ni wengine. Mama mmoja wa kanisani aliamini mume wangu amehamia dhehebu lisilokula nyama, akamwombea. Jirani wa mlango wa pili alisema mwenye nguvu ni mla nyama, lakini yeye mwenyewe alikuwa hawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Wahudumu wa afya walipokuja kupima watu bure kwenye uwanja wa shule, tulienda wote wawili. Presha yake ilikuwa nzuri. Yangu pia. Mhudumu akauliza kila mmoja anakula nini, nikamweleza. Akaandika kitu, akakifuta.

"Endeleeni tu," akasema.

Mimi nilidhani mume wangu hali nyama kwa huruma, kwamba anawahurumia wale mbuzi. Sikuwahi kumuuliza. Mwanamume anayekula muthokoi kila siku bila kulalamika humwulizi maswali, unaogopa atakumbuka kulalamika.

Ndipo mama yake alipokuja kututembelea. Alifika Alhamisi, na kikapu chake kikiwa na maembe, ndengu, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mimi na yeye huongea Kiswahili, kwa sababu mimi ni mtu wa Murang'a na Kikamba changu huishia kwenye salamu.

"Huyu ni wa mwanangu," akasema. "Mara ya mwisho nilimwona amekonda."

Jioni ile nilipakua kama kawaida. Muthokoi kwa mume wangu, maini kwangu, na kwa mgeni nikaweka vyote viwili. Mama akaangalia sahani ya mwanawe. Akaangalia yangu. Akasali sala ndefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mume wangu alikula huku akitazama habari kwenye televisheni.

Asubuhi yake, mume wangu akiwa kazini, mama alinifuata jikoni.

"Mama watoto, nyama inayoingia hapa inaletwa na nani?"

"Na mwanao, mama."

"Na inaliwa na nani?"

"Na mimi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia jibu alilolitarajia huku akitumaini halitakuja. Nilimweleza kwamba hanyimwi, kwamba hataki mwenyewe. Nikisikiliza sauti yangu, hata mimi nilijiona mwongo.

Mume wangu aliporudi mchana, mama alimwonyesha jogoo, tuliyekuwa tumemfunga kwenye balkoni.

"Mchinje basi, tupike."

"Mama, mimi huchuna."

"Kwani kuna tofauti?"

"Kuku hachunwi. Kuku hunyonyolewa."

Akaingia kuoga. Jogoo akabaki. Jumamosi aliwika kutoka alfajiri, na kabla sijanywa chai keretaka, yule msimamizi wa jengo, alikuwa mlangoni.

"Mathee, hiyo jogoo ni mgeni ama ni mpangaji?"

Nikamwambia ni mgeni. Akasema watu wa chini wanauliza anaondoka lini. Mama alikuwa amesikia yote. Aliinuka kitini, akachukua kisu changu cha sukuma, akaniambia nilete maji moto na beseni. Tulipanda hadi juu ya jengo, penye kamba za kuanikia nguo. Alichinja mwenyewe kwa mkono mmoja mwepesi, mimi nikiwa nimeshika miguu na kutazama upande wa mtaa wa Baba Dogo. Tulinyonyoa pamoja. Nilimpika kwa nyanya na dania, mchuzi mwingi, kwa sababu kama ningehukumiwa nilitaka nihukumiwe kwa kitu kilichopikwa vizuri.

Mume wangu alirudi, akaoga, akakaa. Mama akamsogezea bakuli.

"Kula."

"Mama, mimi nimeshazoea hivi."

"Nakuuliza mbele ya mke wako, ili asiseme nimemsengenya. Nani amekukataza nyama?"

"Hakuna."

"Ni kanisa?"

"Hapana."

"Ni daktari?"

Mume wangu alinyoosha mkono wa kulia juu ya meza, hadi karibu na uso wa mama yake.

"Nusa."

Mama akanusa. "Sabuni."

"Ndiyo. Sasa nusa chini ya sabuni."

Akanusa tena, safari hii akifumba macho. "Mbuzi," akasema.

"Miaka kumi na miwili nachuna. Nimetumia ndimu, nimetumia majivu, nimetumia ile sabuni ya unga ya kuoshea nguo. Muthokoi nakula na kijiko, inapita. Lakini nyama ni ya kushika, na nikiipeleka mdomoni, mkono unafika kabla ya chakula. Ni kama naila kazini."

Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na mkono huo miaka yote hiyo. Nilisikia aibu, na hasira kidogo pia, kwa sababu mama alikuwa amekaa kwetu siku tatu tu na tayari alikuwa ameambiwa.

Mama alienda jikoni, tukasikia maji yakimwagika muda mrefu. Alirudi akifuta mikono kwa leso yake, akavuta kiti karibu na cha mwanawe, akatoa nyama ya paja kutoka kwenye mfupa, akaipuliza.

"Fungua mdomo."

Mume wangu ana miaka arobaini na moja. Ana ndevu. Alinitazama, mimi nikatazama mchuzi. Akafungua.

Alitafuna taratibu, macho kwenye meza. Mama akapuliza kipande cha pili, kisha cha tatu, bila haraka. Baada ya paja ikaja kidari. Alipotosheka alisema "asante, mama", akainuka, akaenda kusimama balkoni, na nilipompelekea chai nikakuta macho yake ni mekundu. Tulizungumza kuhusu mvua.

Jumatatu mama alirudi Ukambani na mbavu za mbuzi ndani ya kikapu. Akiniaga kituoni alinishika bega. "Jaribu na wewe," akasema. Nilijaribu Jumapili iliyofuata. Niliosha mikono hadi ngozi ikakunjamana, nikachukua kipande laini kabisa, nikakipuliza kama nilivyoona ikifanywa. Alikipokea kwa heshima. Alitafuna, akameza, akasema mkono wangu unanuka sukuma.

Sikukasirika, maana najua. Tumerudi kwenye sufuria mbili. Siku hizi mama huja mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno na wakati wa Krismasi, na hapo mume wangu hula nyama siku zote ambazo mama yupo. Akiondoka, nachambua maharagwe ya muthokoi wake.