Wimbo wa Sura ya Ndoa

Mtu asiyejua matanga ya kwetu Kisangani atasema nilichezea moto kwa kupenda. Wapi! Nilikuwa nimemaliza riwaya yangu ya kwanza ya mapenzi, na vijana wa klabu ya kusoma ya parokia waliniomba kitu kimoja kabla ya siku ya kuizindua: orodha ya nyimbo, wimbo mmoja kwa kila sura, msomaji aufungue kwenye telefone yake huku anasoma. Wenyewe wanasema playlist. Nikakubali mbio mbio, kama mtu aliyelewa sifa, kisha nikapanda toleka, na nikiwa nyuma ya ile baiskeli, njiani kurudi Mangobo, ndipo nikakumbuka ninakaa nyumba gani.

Nilikuwa ninakaa katika nyumba ya matanga. Mume wa yaya wangu, ndiyo kusema dada yangu mkubwa, alikuwa amekufa kwa homa baada ya safari ya mtoni, nami nikahamia kwake asibaki peke yake na watoto. Katika nyumba ya matanga muziki hauingii mpaka familia ya marehemu ikae, ichague siku, na mjane avue nguo nyeusi mbele ya watu. Nyimbo za Mungu, sawa. Rumba, hapana. Mjane anayesikiliza rumba watasema amefurahia kifo, na anayefurahia kifo, basi labda yeye ndiye aliyekiita. Ndivyo midomo ya watu inavyokwenda.

Na ile midomo ilikuwa na mwenyewe. Mdogo wa marehemu alishaipima nyumba kwa macho tangu siku ya mazishi. Alikuwa akija kusalimia, anagonga ukuta kwa vidole, anaangalia mabati. Siku moja akasema mbele ya wote, bila haya: "Siku muziki itasikika humu mbele ya sisi kutoa matanga, huyu mama anatoka na sakoshi yake ya nguo. Parsele hii, kiwanja na nyumba, inarudi kwa famille." Nilimtazama tonton, baba mdogo wa marehemu, mkubwa wa ukoo wao, nikingoja amkatize. Tonton alikuwa anatafuna mbegu ya kola. Hakusema kitu, na kwa watu wale kunyamaza kwa mkubwa ni kupiga muhuri. Toka siku ile nikaelewa tunakalia kuti kavu, yaya na watoto wake.

Kwa hiyo nilifanya kazi yangu kama mwizi. Nilijifungia chumbani mchana, nyaya za telefone masikioni, mguu nje ya kitanda tayari kusimama mlango ukigongwa. Kuchagua wimbo wa sura si kazi ndogo, msinicheke. Sura ya ugomvi niliipa wimbo wenye besi nzito, nikaufuta, nikaurudisha. Sura ya barua niliipa gitaa tupu lisilo na mwimbaji, maana mtu akisoma barua hataki mwingine amsemeshe. Sura ya mvua ilinishinda kabisa. Kila wimbo wa mvua ulikuwa unalia kuliko mvua yenyewe.

Kusema kweli, hadithi ilikuwa ya yaya na mumewe. Nilibadilisha majina, nikampeleka yule bwana mji wa Yangambi, nikamfanya mtafiti kijana anayepima miche ya kahawa, nikamwondolea kitambi. Mume wa yaya mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mchele, anapanda mto Lomami mpaka Opala na kushuka na magunia. Lakini jinsi walivyokutana sikugusa: bari ya kando ya mto, orkestra ya hapa hapa mjini inapiga, yeye anavuka uwanja wa kuchezea mbele ya watu wote kwenda kumshika mkono binti wa wavuvi. Wakwe zetu walikuwa wanatuita watoto wa samaki, na mwenzao alivuka uwanja ule! Nilimpenda kwa hilo. Nilimwandikia kitabu kizima kwa hilo.

Yaya aligundua upesi. Aliingia bila kugonga, akakaa kitandani, akanichomoa waya mmoja sikioni akauingiza chini ya kitambaa chake cheusi.

"Yaya, wacha! Wakikuona?"

"Hii ni sura gani?"

"Ya kwanza. Wanakutana."

Akasikiliza, akakunja uso. "Aka! Hii muziki iko ya watu wa ofisi. Mutu hawezi kupenda na muziki kama hii."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Toka siku ile akawa bwana mkubwa wa orodha yangu. Anakuja, anasikiliza kidogo, anakataa, anaondoka na uso wake wa matanga. Niliogopa kila mara. Kila kivuli kilichopita dirishani nilikiona kina umbo la mdogo wa marehemu. Lakini nilikuwa ninaona pia macho ya yaya yanavyorudi polepole, na sikuweza kumfukuza.

Kwa sura ya ndoa hakutaka mjadala. Alitaka ule wimbo wa orkestra yetu, uliokuwa unapigwa wakati yule bwana anavuka uwanja. "Bila ile wimbo, kitabu yako iko uongo," akaniambia. Nikaenda sokoni, kwa fundi anayejazia watu nyimbo kwenye telefone. Akachakura, akasema rekodi ya kwanza haipo tena, anayo waliyoipiga miaka hii ya karibuni, katika sherehe, mbele ya watu. Nikasikiliza mwanzo wake palepale, kelele za soko zote kichwani. Sauti ile ile, gitaa lile lile. "Tia," nikamwambia, nikarudi nyumbani na furaha yangu.

Siku iliyofuata familia ilikuja kukaa. Walitaka kuchagua siku ya kuondoa matanga na, alivyosema mdogo wa marehemu, "kumaliza mambo ya parsele." Viti vilipangwa uani: tonton katikati, mama mkwe upande wake, mdogo wa marehemu karibu na lango, yaya chini kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mimi si mtu wa kikao chao. Nilibaki chumbani, dirisha wazi, nikisikia kila neno. Courant, umeme wetu huu, ilikuwa imekatika tangu asubuhi, na kimya cha courant mnakijua, hata kuku akikwaruza unasikia.

"Mujane hajaonyesha heshima," mdogo alikuwa anasema. "Anakaa na mudogo yake chumbani, wanafanya nini? Tunajua sisi?"

Nikasema moyoni, zima hiyo telefone, weka chini ya mto. Lakini vijana walikuwa wananingoja niwatumie orodha jioni ile ile, na wimbo wa ndoa sikuwa nimeusikia mpaka mwisho. Katika nyimbo zetu mwisho ndio wenye kazi: sebene, pale magitaa yanapokimbia na watu wanaacha kuimba wanacheza. Kama sebene ni ya fujo, sura yangu inaharibika. Nikatia nyaya masikioni, nikauanzisha.

Wimbo ulikuwa mtamu, sitadanganya. Nilifumba macho. Ulipokaribia kugeuka, sauti ikakatika masikioni, pii, kimya. Nikafikiri betri imekufa. Nikatikisa waya. Nikaupuliza, kama unavyopuliza makaa. Taa ya chumbani ilikuwa inawaka, nami sikujiuliza imewaka saa ngapi.

Kisha nikasikia gitaa uani.

Mawee! Jumamosi iliyopita, siku ya sala, walinituma mimi niwapigie nyimbo za Mungu kwenye bafle, ile spika kubwa ya sebuleni, kwa sababu eti mimi ndiye msomi wa vitu vile. Hakuna aliyeizima. Ililala tu bila courant. Courant iliporudi, ikaamka, ikaitafuta telefone yangu kwa bluetooth, ikaipata, ikaikamata. Na bafle ile ilikuwa mlangoni kabisa, mdomo wake umeelekea viti vya wakwe.

Niliwaza jambo moja tu: nyumba imekwenda. Nimemtupa yaya na watoto wake njiani, na kwa nini? Kwa kitabu. Nikaruka, nikajikwaa kwenye ndoo, na hapo sebene ikaanza, na mwimbaji akaanza kutupa majina.

Mnajua desturi yetu. Tajiri akiwafurahisha wanamuziki, jina lake linaitwa ndani ya wimbo, dunia isikie. Tunasema ametupiwa libanga. Jina la kwanza lililoitwa lilikuwa la marehemu. Jina lote, na lile la utani, na "bwana wa mchele" juu yake. Mwimbaji alilipigia kelele kana kwamba mtu mwenyewe amesimama palepale na glasi yake. Mama mkwe alishika kifua.

Kisha: "Na bibi yake wa Opala!" Na jina la mwanamke. Halikuwa la yaya. Akaliita tena, akalivuta, akamsifu kiuno. Kisha akamsalimu shahidi wa mapenzi yao, shemeji mpendwa, na jina lake likatoka lote: mdogo wa marehemu.

Lakini yeye alikuwa amekwisha kusimama zamani. Alitoka kwenye kiti chake cha langoni mbio kuja ndani, kiti kikaanguka, akanipita mimi mlangoni, akang'oa waya wa bafle ukutani kwa mikono miwili. Nilimwona uso. Mtu anayetafuta sababu ya kumfukuza mjane angeuacha wimbo ule upige mpaka mtaa mzima usikie. Huyu aliukimbilia toka jina la kwanza, kwa sababu alijua la pili.

Yaya hakuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinang'oa unyasi mmoja mmoja kutoka kwenye mkeka.

"Donc?" tonton akasema mwisho.

"Ni courant, tonton," mdogo akajibu, pumzi juu. "Ilirudi na nguvu. Ile machine ilijisemea tu."

Tonton akamtazama, akamtazama mama mkwe. "Miye niko muzee, masikio haiko muzuri tena. Mama, weye ulisikia muziki?"

Mama mkwe alikuwa anaangalia miguu yake. "Muziki gani? Sikusikia."

"Bon. Hakuna mutu alisikia muziki." Akatema kola. "Mambo ya parsele?"

"Parsele iko ya watoto," akasema mdogo wa marehemu, haraka haraka. "Na mama yao. Nani alisema kingine?"

Wakachagua siku, wakanywa maji, wakaenda zao. Nyumba ilibaki. Nilipaswa kumshukuru Mungu, na sikuweza. Nilikuwa na hasira na maiti! Kitabu kizima nimemwosha, nimempa Yangambi na miche ya kahawa, kumbe yeye ana Opala yake.

Yaya aliingia chumbani baadaye kidogo, akakaa pale pale anapokaaga.

"Yaya, ulijua?"

"Nilijua kuko mutu. Mwanamuke anajua. Sikujua wanapigiwa ile wimbo yangu."

Nikamwambia nitawaambia vijana sizindui tena, kitabu nitakichoma, chote, leo. Akanikata jicho. "Usichome kitu. Ule bwana wa Yangambi hana kosa. Peleka orodha yako." Nikaipeleka, na sura ya ndoa nikaiacha bila wimbo. Vijana waliuliza kwa nini, nikasema nimekosa unaofaa.

Nilifikiri yaya amemaliza. Lakini alikuwa bado amekaa kitandani, ameshika ukingo wa kitambaa chake anaukunja, anaukunjua.

"Wakati tunaoana nilimuomba kitu kimoja," akasema. "Sikuomba pagne ya kuvaa. Sikuomba nyumba. Nilimuomba anitupie libanga ndani ya ile wimbo. Mara moja tu, niskie jina yangu. Akacheka. Akaniambia bibi ya mutu wa maana, jina yake haiitwe mbele ya walevi." Akaukunja tena ukingo. "Na miye nilifurahi, unasikia? Miaka yote nilifurahi. Nilifikiri ni heshima."

Nilimshika mkono, akauacha, kisha akautoa.

Jumamosi watu walikuja kwenye sala. Katikati ya wimbo wa pili yaya alianza kulia, si kile kilio cha matanga chenye maneno yake. Alilia mpaka wanawake wawili wakamshika, mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, na watoto wakaogopa. Mama mkwe alisimama, akaja akamwekea mkono begani, akawageukia wageni na machozi yake mwenyewe.

"Mumuone," akasema. "Mumuone vile alimupenda mutoto wangu."