Maua Meupe Yenye Mikia Miwili

Nilizaliwa Kapata, mtaa wa Kolwezi, lakini baba alikuwa ametoka Kasai, na mwaka ule wa kufukuzwa watu wa Kasai hilo lilitosha. Migodi ilikuwa imesimama na watu walitafuta wa kumlaumu. Mimi na mama tulikaa gare ya Kolwezi, kituo cha reli, wiki tatu tukingojea treni. Unga ulipoisha, nilimwacha na mizigo, nikaingia porini kuchimba kikanda, viazi vidogo ambavyo majirani zetu walivipika kwa karanga. Nilijua tu kwamba ua lake ni jeupe.

Maua meupe yalikuwa mengi. Nilichimba bila kuchagua, kila mara nikisimama kusikiliza honi. Nilihofia treni itaondoka na mama bila mimi.

Mwanamke mwenye jembe akatokea nyuma yangu. Akaangalia viatu vyangu vya mjini.

“Unatoka gare?”

Akachukua kikapu changu, akakimwaga chini.

“Ile ya mukia moya iko na buchungu, mama. Chimba ile ya mikia mbili.”

Akageuza ua moja kwa kidole. Nyuma yake vilining'inia vikia viwili vyembamba. Akachimba pamoja nami, haraka, macho yakiwa njiani.

“Sasa kimbia. Bale benye kufukuza batu bakitukuta pamoja…” Akaweka jembe begani, akaondoka.

Nilikimbia mpaka gare. Mama alikuwa amesimama juu ya mizigo, akiniita kwa sauti iliyokauka. Tulichemsha kikanda bila karanga, tukakimaliza chote. Treni ilikuja siku mbili baadaye.