Picha Iliyoshuka Nusu Mstari

Siku ile siisahau, mwanangu, nilipoletewa karatasi ya matangazo ya mtaa wetu hapa Kindu, wakati wa vita. Nilikuwa bado kijana, mama wa mtoto mmoja, Amisi, na tulikuwa tumepotezana naye watu walipokimbia risasi kwenye njia ya Kibombo.

Chini kabisa ya karatasi hizo waliandikwa watoto waliookotwa bila ndugu. Akina Amisi walikuwa wengi, na wadogo hawakujua kutaja baba zao. Kwa hiyo mzee aliyepiga karatasi kwa mashine alichora kando ya kila jina kitu ambacho mtoto alikutwa nacho. Wangu alikuwa na shanga mkononi, nilizomtungia mwenyewe, na mzee nilikuwa nimemwambia.

Nikasoma: Amisi, yuko ng'ambo ya mto. Kando yake, kifungo cha shati. Shanga zilikuwa kwa Saidi, jina la chini yake. Nilikuwa nimeshawafuata akina Amisi wengine nikarudi mikono mitupu, na kuvuka mto siku zile kulikuwa kuhatarisha roho. Nililia, kisha nikabaki nyumbani.

Ndugu wa Saidi walipokwenda kumchukua mtoto wao, kosa likajulikana. Mzee akaja mwenyewe mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Mama, picha ilishuka nusu mustari. Ule mutoto ya shanga njo Amisi wako."

"Iko wapi sasa?"

Akaniambia ukweli. Homa ilikuwa imeshamchukua Amisi, wakamzika huko huko. Sikumtukana yule mzee. Alikuwa mtu mwema, na vita vilikuwa vimemchosha kama sisi sote. Lakini moyo unaniuma mpaka leo, sitakudanganya.

Juzi nilikukuta kwenye kompyuta yako ukipanga tangazo, vijipicha vya chini vimeteleza. Ukaniambia mimi bibi yako, "Koko, ni kidogo tu, hakuna mutu ataona." Nyinyi vijana mna mashine zinazojua kila kitu! Nikaondoka, nikaenda zangu jikoni.

Basi leo nasema. Picha na jina lake vikae mstari mmoja. Iweke ndani ya mstari wenyewe, isielee, na chini yake pawe sawa na pale herufi zinapokaa. Ikiwa ndefu mno, ipunguze, usiishushe. Toa kwanza karatasi moja, uishike mkononi, usiamini kioo cha kompyuta peke yake. Mwite mtu asiyejua kusoma, umsomee majina, akuonyeshe kila picha ni ya nani. Akikosea, usimcheke, rudia kazi yako.

Mungu akupe macho yasiyochoka na mkono mtulivu. Na akuepushe, mwanangu, na siku ya kusimama mbele ya mama wa mtu ukiwa huna la kumwambia.